Usaha Kifuani: Tundu Dogo Mapema Huokoa Pafu

Leo tuanze na mfano. Tuseme yuko baba mmoja hapa Mombo. Ni mkulima wa mpunga. Wiki tatu zilizopita alishikwa na homa, kikohozi na kichomi upande wa kulia. Alikwenda kutibiwa. Akaambiwa ana homa ya mapafu. Akapewa dawa za kumeza kwa siku tano. Siku ya tatu alipata nafuu. Akaziacha dawa zilizobaki, akarudi shambani.

Baada ya wiki moja homa ilirudi. Sasa kila jioni anatetemeka. Usiku analowa jasho. Akijinyoosha kitandani pumzi zinabana. Kwa hiyo anaketi ameegemea ukuta mpaka kunakucha. Chakula hakipiti. Amekonda mpaka mkanda wake umetobolewa tundu jipya.

Jirani mmoja anasema, "Huyu ametupiwa kitu." Mwingine anasema, "Apelekwe akakatwe kimeo." Shangazi yake anasema, "Msimpeleke hospitali. Watamtoboa kifua na kumtia mpira. Mimi nilimwona mtu aliyetiwa mpira. Hakurudi nyumbani."

Maneno ya shangazi ndiyo yaliyotufanya tuandike habari hii. Shangazi hasemi uongo. Alimwona mtu huyo kwa macho yake. Lakini kuna swali moja ambalo hakuuliza: Je, mtu yule alifikishwa hospitali siku ya ngapi?

Tuweke swali hilo kando kwanza. Mwisho wa makala tutarudi kumjibu shangazi.

PAFU LIMEKAAJE KIFUANI?

Kila mtu ana mapafu mawili, moja kulia na moja kushoto. Pafu ni laini. Lina vijitundu vingi sana vya hewa, kama dodoki la kuogea. Ukivuta pumzi, pafu linajaa hewa na kutanuka. Ukitoa pumzi, linanywea.

Pafu limefunikwa na utando mwembamba kama ngozi ya ndani ya kitunguu. Ukuta wa kifua nao, kwa upande wa ndani, umefunikwa na utando kama huo. Tando hizi mbili zinagusana. Katikati yake kuna majimaji kidogo sana, kama kijiko kimoja tu cha chakula. Kazi yake ni kulainisha, ili pafu liteleze vizuri linapotanuka na kunywea.

Kumbuka jambo hili: katikati ya tando hizo mbili hakuna nafasi ya kukaa kitu kingine. Kitu chochote kikiingia hapo, iwe maji, usaha, damu au hewa, hulisukuma pafu na kulibana. Pafu lililobanwa haliwezi kutanuka. Mgonjwa anakosa pumzi.

USAHA UNATOKA WAPI?

Mara nyingi usaha huu unatokana na homa ya mapafu, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita kichomi. Vijidudu vinaingia katika pafu na kulifanya livimbe. Pafu lililovimba hutoa maji, na maji hayo hukusanyika kati ya zile tando mbili. Kama mgonjwa anapata dawa sahihi na kuzimaliza, mara nyingi maji hayo hukauka yenyewe. Kama hakutibiwa, au dawa ameziacha njiani, vijidudu vinaweza kuingia katika maji hayo. Hapo maji hugeuka kuwa usaha.

Usaha kifuani unaweza pia kuletwa na kifua kikuu, au na jeraha la kifua, kama vile kuchomwa na kitu chenye ncha. Watu wenye ugonjwa wa kisukari, wenye virusi vya Ukimwi, na wanaokunywa pombe kupita kiasi hupatwa kwa urahisi zaidi. Watoto wadogo nao hupatwa.

Ndugu msomaji, angalia vizuri hapa. Usaha huu hauko ndani ya pafu. Uko nje ya pafu, ndani ya kifua. Kwa hiyo hauwezi kutoka kwa kukohoa. Hauwezi kutoka kwa kukata kimeo, maana kimeo kiko kooni. Hauwezi kutoka kwa kuchanja chale, maana chale huishia kwenye ngozi. Dawa za kumeza peke yake nazo huwa hazitoshi, maana dawa husafiri katika damu, na ndani ya dimbwi la usaha hakuna mishipa ya damu. Jipu la mguuni ukilipa vidonge tu haliponi. Lazima litobolewe, usaha utoke. Kifua nacho ni hivyo hivyo.

HATUA TATU ZA UGONJWA

Ugonjwa huu unakwenda kwa hatua tatu. Kuzijua hatua hizi ni muhimu, kwa sababu kila hatua ina tiba yake.

Hatua ya kwanza: maji mepesi. Siku za mwanzo maji yaliyo kifuani ni mepesi kama maji ya mchele. Yanatiririka. Yakipatiwa njia, yanatoka.

Hatua ya pili: maji mazito yenye nyuzi. Baada ya siku kadhaa maji yanakuwa mazito kama mtindi. Ndani yake kunajengeka nyuzi kama utando wa buibui. Nyuzi hizo zinakigawa kifua katika vyumba vidogo vidogo. Ukitoboa chumba kimoja, usaha wa chumba cha pili unabaki.

Hatua ya tatu: gamba. Baada ya wiki kadhaa usaha unafanya gamba gumu juu ya pafu. Pafu limefungwa kama mhogo ndani ya ganda lake. Hata usaha ukitolewa, pafu haliwezi kutanuka, kwa sababu gamba limelishika.

Wewe mkulima wa mpunga unalijua jambo hili kutoka shambani. Jaruba likiwa na maji, unafungua mdomo mdogo kwa jembe na maji yote yanatoka. Likishakuwa tope zito, mdomo mdogo hautoshi. Tope likikauka, ni kazi ya sururu. Kifua ni kama jaruba. Mapema, tundu dogo linatosha. Ukichelewa, tundu dogo halitoshi tena.

DALILI ZA KUANGALIA

Mpeleke mgonjwa akapimwe haraka ukiona dalili hizi:

1. Homa inaendelea siku ya tatu baada ya kuanza dawa za homa ya mapafu, au imepungua kisha ikarudi.
2. Kichomi upande mmoja wa kifua, hasa akivuta pumzi au kukohoa.
3. Pumzi fupi. Anashindwa kulala chali, au anachoka kwa mwendo mdogo.
4. Jasho jingi usiku.
5. Kukonda na kukosa hamu ya chakula.
6. Upande mmoja wa kifua hautanuki kama mwenzake.

Kwa mtoto mdogo, hesabu pumzi zake. Mfunue kifua akiwa ametulia, halafu uhesabu kwa dakika moja nzima. Mtoto aliye chini ya miezi 2 akifikisha pumzi 60 au zaidi, ni hatari. Mtoto wa miezi 2 hadi 12 akifikisha pumzi 50 au zaidi, ni hatari. Mtoto wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha pumzi 40 au zaidi, ni hatari. Kama kifua chake kinabonyea kwa ndani anapovuta pumzi, kama hawezi kunyonya, amelegea au ana degedege, usingoje asubuhi. Mpeleke saa ile ile.

UANZIE WAPI?

Anza na zahanati ya kijiji chako au kituo cha afya. Mweleze tabibu ukweli wote. Sema homa ilianza lini, ulipewa dawa gani, na ulizimeza siku ngapi. Kama uliziacha, sema uliziacha. Hutafungwa kwa kusema hivyo. Tabibu akijua ukweli, atajua la kufanya.

Tabibu akikupa barua ya kwenda hospitali, usiiweke chini ya mto ukingoje mavuno. Mtu wa Mombo anaweza kuteremka Korogwe, katika Hospitali ya Magunga. Mtu wa milimani anaweza kwenda hospitali ya Lushoto au Bumbuli, kufuatana na mahali anapokaa. Tatizo likiwa kubwa zaidi kuna Hospitali ya Bombo mjini Tanga. Juu yake kuna hospitali kubwa za rufaa, kama KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, na Muhimbili ya Dar es Salaam. Tabibu ndiye atakayekwambia uende wapi.

Tunajua kwamba nauli ni tatizo. Lakini piga hesabu. Nauli ya kwenda Korogwe mapema ni ndogo kuliko nauli ya kwenda Moshi au Dar es Salaam baada ya mwezi mmoja, pamoja na ndugu wa kukuuguza.

UTAPIMWAJE?

Kwanza daktari atagonga kifua chako kwa vidole. Upande wenye hewa unalia kama debe tupu. Upande wenye maji unatoa sauti nzito, kama debe lililojaa. Atasikiliza pia kwa chombo chake cha masikioni. Upande wenye maji, sauti ya pumzi haisikiki vizuri.

Kisha utapigwa picha ya kifua kwa eksirei. Mahali palipo na hewa panaonekana peusi. Mahali palipo na maji au usaha panaonekana peupe. Hospitali nyingine zina kipimo cha altrasaundi, kile kile wanachopimwa akina mama wajawazito. Kipimo hicho hakiumi. Kinaonyesha maji yako wapi, ni mengi kiasi gani, na kama yana nyuzi.

Baada ya hapo daktari atakuchoma sindano ya ganzi ubavuni, kisha atavuta maji kidogo kwa sindano nyingine. Atayaangalia, halafu maabara itayapima. Maji ya njano yasiyo na ukungu ni habari moja. Maji yenye ukungu, au usaha unaonuka, ni habari nyingine. Usaha ukionekana, mpira unahitajika. Usikatae.

MPIRA UNAVYOWEKWA

Watu wengi huogopa kwa sababu hawajaelezwa. Sasa tueleze hatua kwa hatua.

Mgonjwa anakaa au analala na mkono wake umeinuliwa juu ya kichwa. Daktari anasafisha ngozi ya ubavuni, chini ya kwapa. Anachoma sindano ya ganzi. Sindano hiyo inauma kidogo, kama sindano nyingine. Baada ya dakika chache mahali pale panakufa ganzi. Mgonjwa yuko macho, anasikia mkono wa daktari ukisukuma, lakini hasikii makali.

Daktari anafanya tundu dogo kati ya ubavu na ubavu. Anapita juu ya ubavu, siyo chini yake, kwa sababu mishipa ya damu na ya fahamu hupita kwenye ukingo wa chini wa kila ubavu. Katika tundu hilo anapitisha mpira. Upo mpira mwembamba kuliko penseli, na upo mpira mnene kama kidole kidogo cha mkono. Daktari anachagua kufuatana na uzito wa usaha. Kisha anaushona kwenye ngozi ili usichomoke, na anaufunika kwa bandeji.

Usaha unaanza kutoka. Unaweza kuwa lita moja au zaidi. Ukiwa mwingi sana, daktari hautoi wote kwa mara moja. Anaufunga mpira kwa muda, kisha anaufungua tena. Pafu lililobanwa kwa siku nyingi halifai kutanuka ghafula.

Tuseme kweli: mpira unasumbua. Ganzi ikiisha kuna maumivu, na utapewa dawa ya maumivu. Mara chache huweza kutokea damu au jeraha. Ndiyo maana kazi hii ifanywe na daktari aliyeifundishwa, kwa vyombo safi, hospitalini. Lakini maumivu ya siku chache hayalingani na madhara ya usaha kukaa kifuani.

KWA NINI CHUPA INA MAJI?

Ncha ya pili ya mpira inaingia katika chupa iliyo sakafuni. Ndani ya chupa mna maji, na ncha ya mpira imezama katika maji hayo. Watu wengi huuliza, maji yale ni ya nini?

Jaribu hivi nyumbani. Chukua mrija, uuzamishe katika glasi ya maji, kisha upulize. Hewa inatoka na kufanya mapovu. Sasa acha kupuliza. Hewa ya nje haiwezi kurudi ndani ya mrija, kwa sababu maji yameziba njia. Chupa ya kifua inafanya kazi hiyo hiyo. Usaha na hewa vinatoka, lakini hewa ya nje haiingii kifuani. Hewa ikiingia, pafu litanywea.

Jambo hili lilijulikana kwa gharama kubwa. Daktari Gotthard Bülau wa mji wa Hamburg, Ujerumani, alianza kutumia mpira na chombo cha maji mwaka 1875. Lakini kwa miaka mingi madaktari wengi waliendelea kukipasua kifua na kukiacha wazi. Katika miaka ya 1917 na 1918, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, askari wengi wa Marekani waliugua homa ya mapafu makambini, na vifua vyao vikajaa maji yenye vijidudu. Madaktari waliwapasua mapema na kuacha kifua wazi. Katika kambi nyingine walikufa karibu askari 30 kati ya kila 100. Kikaundwa kikundi cha madaktari kuchunguza jambo hilo. Mmoja wao alikuwa Evarts Graham. Wakagundua kwamba hewa iliyoingia kifuani ndiyo iliyokuwa ikiwaua wengi. Wakashauri maji yatolewe bila kuruhusu hewa iingie. Vifo vikapungua mpaka chini ya 5 kati ya kila 100.

Ona basi. Ugonjwa ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni njia ya kutoa usaha. Chupa ile ya maji unayoiona chini ya kitanda imeokoa watu wengi duniani kote.

MPIRA PEKE YAKE USIPOTOSHA

Kama ugonjwa umefika hatua ya pili, mpira unaweza kutoa usaha nusu tu. Zile nyuzi zinazuia. Hapo ziko njia nyingine.

Njia moja ni kupitisha katika mpira dawa za kukata nyuzi na kulainisha usaha. Mwaka 2011 madaktari wa Uingereza walitangaza matokeo ya kujaribu dawa mbili pamoja kwa wagonjwa wenye usaha kifuani. Wagonjwa waliopewa dawa zote mbili walipata nafuu zaidi, na wachache kati yao walihitaji kupasuliwa. Lakini dawa hizo ni ghali, na hazipatikani kila hospitali.

Njia nyingine ni upasuaji wa matundu madogo. Mwaka 1910 daktari Hans Christian Jacobaeus wa Sweden alieleza jinsi ya kuingiza bomba jembamba lenye taa kifuani ili kuangalia ndani. Siku hizi bomba hilo lina kamera ndogo. Mgonjwa analazwa usingizi. Daktari anatoboa matundu mawili au matatu, kila moja kama urefu wa pingili ya kidole. Kamera inapita katika tundu moja, na vyombo vinapita katika mengine. Daktari anaangalia katika televisheni, anakata nyuzi, anavunja vile vyumba vya usaha, anasafisha, kisha anaacha mpira. Upasuaji huu unahitaji mabingwa na vyombo maalumu, kwa hiyo hufanywa katika hospitali kubwa tu.

Ugonjwa ukifika hatua ya tatu, mara nyingi hubaki kukipasua kifua kwa mkato mrefu, kuzitanua mbavu, na kulimenya lile gamba kidogo kidogo. Ni kazi kubwa. Mgonjwa hupona polepole.

Umeona mfululizo huo, ndugu msomaji? Kuchelewa ndiko kunakoongeza ukubwa wa kisu.

KAZI YA MGONJWA NA NDUGU ZAKE WODINI

Mgonjwa na ndugu zake wana kazi kubwa ya kufanya. Zingatieni mambo haya:

Chupa ikae chini ya kifua wakati wote. Maji ya milima ya Usambara hushuka Mombo, hayapandi kutoka Mombo kwenda Soni. Chupa nayo ni vivyo hivyo. Ukiinyanyua juu ya kifua, maji yenye vijidudu yatarudi kifuani.

Usiukunje mpira wala kuulalia. Ukijikunja, usaha utasimama.

Angalia maji ndani ya mpira. Mgonjwa akivuta pumzi na kuitoa, maji hupanda na kushuka. Yakiacha ghafula kupanda na kushuka, mwambie muuguzi.

Mpira ukichomoka kifuani, ziba tundu mara moja kwa kitambaa safi na umwite muuguzi kwa sauti. Mpira ukiachana na chupa, au chupa ikivunjika, mwite muuguzi saa ile ile.

Mgonjwa aketi, avute pumzi ndefu, na atembee kidogo akiwa ameshika chupa chini. Kumlaza siku nzima kwa kumhurumia ni kumdhuru. Pafu linahitaji mazoezi ili litanuke.

Mgonjwa ale vizuri. Usaha hula nguvu za mwili. Mleteeni maharage, mayai, maziwa, dagaa, mboga za majani na matunda. Milima yetu haina upungufu wa mboga na matunda.

Mpira hukaa kwa siku kadhaa. Daktari huutoa usaha ukipungua sana, homa ikiisha, na picha ikionyesha pafu limetanuka. Baada ya hapo tundu hujifunga, likabaki kovu dogo. Lakini dawa za kuua vijidudu huendelea, mara nyingi kwa wiki 2 hadi 6. Zimalize zote. Usifanye kama baba wa mfano wetu. Kupata nafuu siyo kupona.

USISAHAU KIFUA KIKUU

Siyo kila maji ya kifuani yanahitaji mpira. Kifua kikuu nacho hujaza maji kifuani. Mara nyingi maji hayo ni ya njano na mepesi, siyo usaha. Tiba yake kubwa ni dawa za kifua kikuu, zinazomezwa kila siku kwa miezi 6 au kama daktari atakavyosema. Ndiyo maana ni lazima maji yapimwe kwanza.

Nchi yetu ina historia ndefu katika vita hii. Hospitali ya Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, ilianza kuwatunza wagonjwa wa kifua kikuu mwaka 1926. Mwaka 1977 ulianzishwa mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma. Mtaalamu Karel Styblo alishirikiana na wataalamu wetu, na nchi nyingine zilijifunza kutoka Tanzania. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure. Kwa hiyo mtu akikohoa wiki mbili au zaidi, apimwe makohozi. Apime pia virusi vya Ukimwi, maana magonjwa haya mawili hufuatana.

KINGA NI BORA KULIKO TIBA

Mpeleke mtoto kliniki apate chanjo zote. Mwaka 2009 Tanzania ilianza kutoa chanjo inayozuia kijidudu kimoja kinacholeta homa ya mapafu na homa ya uti wa mgongo. Mwanzoni mwa mwaka 2013 watoto wetu walianza kupata chanjo ya nimonia, inayotolewa katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14 baada ya kuzaliwa. Chanjo ya surua nayo husaidia, kwa sababu surua huacha njia wazi kwa homa ya mapafu.

Mnyonyeshe mtoto maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya mwanzo. Toboa madirisha ili moshi wa jikoni utoke, na usimweke mtoto mgongoni unapopuliza moto. Acha sigara. Nawa mikono kwa sabuni. Na ukiandikiwa dawa za homa ya mapafu, zimalize.

TUMJIBU SHANGAZI

Sasa turudi kwa shangazi. Tumjibu kwa heshima, maana anampenda mtoto wa kaka yake. Tumwambie hivi:

"Shikamoo, shangazi. Ni kweli ulimwona mtu aliyetiwa mpira akafa. Lakini huenda alikaa nyumbani kwanza. Alichanjwa chale, akakatwa kimeo, akanyweshwa mizizi, na usaha ukawa unaganda kila siku. Alipofika hospitali, gamba lilikuwa limeshalifunga pafu na sumu imeshaenea katika damu. Mpira ulimkuta akiwa amekwisha. Haukumwua. Ulichelewa kumfikia. Baba huyu leo ana wiki ya tatu. Bado tunaweza kuwahi. Tupe baraka zako tumpeleke Korogwe kwa basi la asubuhi."

Ndugu msomaji, katika kijiji chako huenda yuko mtu anayelala ameketi usiku huu. Msomee makala hii. Wasomee pia wanaomshauri.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KISOMO

1. Kwa nini kukohoa hakuwezi kutoa usaha huu?
2. Taja hatua tatu za ugonjwa. Kila hatua ina tiba gani?
3. Kwa nini ncha ya mpira huzamishwa katika maji? Jaribuni kwa mrija na glasi.
4. Chupa ikiinuliwa juu ya kifua, kutatokea nini?
5. Katika kijiji chenu, ni mambo gani yanawachelewesha wagonjwa kufika hospitali? Mnaweza kufanya nini pamoja ili mgonjwa asikose nauli?